Lori la farasi lina leseni yake, mama

1.

Wiki iliyopita tuliongea homa za watoto wanaoanza nasari. Leo natoka wodini kidogo, naingia barabarani. Ni posti ndefu, nimeikata vipande, soma huku unapika.

Mnajua wengi wetu hapa Uingereza hatukai London. Kazi za hospitali na za nyumba za wazee zimetutawanya hadi kwenye vimiji vya mashambani, Devon, Shropshire, Lincolnshire, na huko mtoto wako akianza shule anakuta wenzake wanapanda farasi. Anaalikwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu tayari ana helmeti yake. Miaka miwili baadaye unaambiwa Jumamosi kuna mashindano, maili 40 kutoka hapo, na farasi hawapandi basi. Ndipo mama uliyekuja nchi hii kupima watu presha unajikuta unaulizwa: "Wewe unaweza kuendesha lori?"

Maoni yangu nayatoa mapema, ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nayo: ukishafika hatua ya kubeba farasi wawili pamoja na mwanao, acha kujibana kwenye lori dogo kwa sababu tu leseni yako ya gari inalikubali. Kachukue leseni ya C1. Na hata kama kwenu hakuna anayepanda farasi, usiondoke bado, kuna kipande chako huko chini.

2.

Tuanze na leseni uliyonayo mkononi. Leseni ya kawaida ya gari, daraja B, inakuruhusu gari lenye uzito wa juu usiozidi kilo 3,500. Huo uzito wa juu si wa gari tupu. Ni gari, dereva, mafuta, abiria na mzigo wote, vyote kwa pamoja. Umeandikwa kwenye kibao cha chuma au karatasi iliyobandikwa kwenye gari, mara nyingi karibu na mlango au chini ya boneti. C1 inakutoa kilo 3,500 hadi kilo 7,500. Juu ya hapo ni daraja C, yale malori makubwa ya farasi wanne, watano, yenye jiko na vitanda ndani.

Sasa utasema, mbona yule mama jirani, Mwingereza, anaendesha la tani saba na nusu na hajawahi kufanya mtihani wa lori? Ni kweli. Waliofaulu mtihani wa gari hapa kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa C1 bure pamoja na leseni ya gari, na wanaendelea nayo hadi wakifika miaka 70, hapo ndipo wanatakiwa kupimwa afya ili waendelee. Waliofaulu kuanzia siku hiyo, mtihani ni lazima. Kwa hiyo akikwambia "chukua tu ufunguo, mbona rahisi," anasema kwa haki yake yeye. Wewe huna haki hiyo, na bima yako inajua.

Na leseni za nyumbani? Nimeulizwa sana hili. Leseni ya Kenya au ya Tanzania haibadilishwi kuwa ya hapa, hata kama kule uliendesha fuso la mchanga kutoka Mbeya hadi Dar. Ukishahamia, unaendeshea leseni hiyo magari madogo kwa miezi 12 tu, kisha unatakiwa uwe umefaulu mtihani wa gari wa hapa. Ukishakuwa na daraja B kamili, na umetimiza miaka 18, ndipo unaomba kujifunza lori.

3.

Haya, kwa nini nasema lori dogo halitoshi? Tupige hesabu pamoja, sisi tumezoea kupiga hesabu za dawa kwa kilo.

Tuseme lori lako la tani 3.5 likiwa tupu lina kilo 2,500. Umebakiwa na kilo 1,000 za kubeba. Farasi wa kimo cha kati ana kilo 500, wengi wanazidi. Weka wawili. Kilo 1,000 zimekwisha, na wewe bado hujapanda! Ongeza wewe na mwanao, kilo 100. Matandiko mawili, hatamu, mablanketi. Nyasi kavu za kutwa nzima. Madumu mawili ya maji ya lita 20, hayo peke yake kilo 40. Tangi la dizeli. Kapu la chakula, maana mtoto wa Kiswahili haendi mashindanoni bila chapati.

Umeshazidisha. Na cha kuogopesha ni kwamba gari litawaka, litaondoka, litapanda na kilima. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kukwambia umezidisha kilo 200. Leseni inatazama namba ya kwenye kibao, lakini breki zinatazama mzigo wenyewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mzigo wa gari ndio hivyohivyo, wewe uliyekaa kwenye kiti huuhisi, tairi na breki ndizo zinazoubeba.

Halafu mzigo huu una miguu. Gunia la mchele likishafungwa limefungwa. Farasi anahama uzito wake kila kona, akishtuka anarusha teke, na kilo 500 zikiegemea upande mmoja kwenye mzunguko wa barabara, usukani unakusimulia.

Kama unalo lori dogo tayari, fanya jambo moja wiki hii: lipeleke kwenye mizani ya umma likiwa limejaa kama siku ya safari, mafuta, vifaa, farasi na wote mtakaopanda. Ni pesa kidogo na utapewa karatasi yenye uzito wako halisi. Ukikutwa barabarani na wakaguzi umezidisha, unaweza kuzuiwa palepale usiendelee, na uko kando ya njia na farasi wawili na mtoto anayelia mashindano yamempita.

4.

Kuna atakayesema, si tuvute trela? Jibu la haki: inawezekana. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya gari anaweza kuvuta trela yenye uzito wa juu hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine, ilimradi gari lake lina uwezo wa kuivuta. Kwa poni mmoja, safari fupi, gari lenye nguvu, sina ugomvi.

Ila sheria kukuondolea mtihani haijakuondolea somo. Trela inayoanza kuyumba kwenye barabara kuu, dereva asiyejua la kufanya anakanyaga breki au anapigana na usukani, na vyote viwili vinazidisha. Kurudi nyuma na trela ni kuandika kwa mkono wa kushoto. Basi kama umechagua trela, lipa mafunzo ya siku moja hata kama hakuna anayekulazimisha. Na kama ni farasi wawili wakubwa kila wikiendi, narudi pale pale: C1.

5.

Sasa kipande cha unesi. Kabla ya chochote unaomba leseni ya kujifunzia lori kwa fomu D2, na pamoja nayo fomu D4 ya afya inayojazwa na daktari. Sehemu ya macho inaweza kujazwa na mpima macho kama daktari hana vifaa. Hii si huduma ya bure ya NHS, GP anaruhusiwa kukutoza, kwa hiyo ulizia bei kabla, kuna madaktari binafsi wanaofanya kwa bei nafuu zaidi. Daktari akishasaini, usiiweke fomu kabatini: ikipita miezi minne imeisha nguvu.

Viwango vya lori ni vikali kuliko vya gari dogo, na sababu iko wazi. Hivi ndivyo vinavyotugusa zaidi:

Macho. Jicho zuri lifikie 6/7.5 na lingine angalau 6/60, miwani inaruhusiwa. Kama miwani yako ni ya mwaka ule ulipohamia, anza na duka la miwani.

Presha. Ikiwa imekaa kwenye 180 ya juu au 100 ya chini, au zaidi, huendeshi lori mpaka ishuke na itulie. Mama zangu, wangapi kati yenu mnapima presha za watu siku nzima na yenu hamjapima tangu mjifungue?

Sukari. Kutumia insulini hakukufungii mlango moja kwa moja, ila masharti ni mengi: uwe unahisi sukari inaposhuka, upime na uweke rekodi, usiwe umepata shambulio kali la kushuka sukari ndani ya miezi 12, na upitiwe na mtaalamu kila mwaka. Na wewe uliyewekwa kwenye insulini kwa sababu ya sukari ya ujauzito, hata kama ni ya muda, kwa leseni ya lori unatakiwa kuwaarifu DVLA. Usijiambie "si itaisha nikijifungua."

Kifafa. Kwa lori wanataka miaka 10 bila degedege na bila dawa za kifafa.

Usingizi. Anayekoroma, anayekatika pumzi usiku na kusinzia mchana, hilo ni jambo la kumwambia daktari, wala si la kucheka nalo mezani.

Msifiche. Najua tulivyolelewa, ugonjwa hausemwi hovyo. Lakini fomu hii haipelekwi kwa mashangazi. Hali ikijulikana, mara nyingi inatibika na leseni unaipata. Ikifichwa, siku ya ajali ndiyo inajitangaza yenyewe.

6.

Leseni ya kujifunzia ikija, safari ina vituo vitatu.

Cha kwanza ni nadharia, na ina sehemu mbili. Maswali 100 ya kuchagua, unatakiwa kupata 85. Halafu video 19 za kutambua hatari, alama za kupita ni 67 kati ya 100. Ukifaulu zote, una miaka miwili ya kumaliza yaliyobaki. Mama wa zamu, huu ni mtihani wa kusomea kwenye simu, dakika 20 kwenye basi asubuhi na 20 jioni.

Cha pili, 3a, kinafanyika uwanjani, nje ya barabara: kurudisha lori nyuma kwa mpindo na kuliingiza kwenye kisanduku. Hapa ndipo wengi wanatetemeka, na hapa ndipo mwalimu mzuri analipa. Lori halina kioo cha katikati cha kukuonyesha nyuma, unaishi kwa vioo vya pembeni. Enda polepole, ukishindwa kuelewa kioo kinakwambia nini, simama.

Cha tatu, 3b, ni barabarani, kama saa moja na nusu. Unaulizwa na maswali ya usalama wa gari: matairi, breki, mzigo. Makosa madogo hayatakiwi kuzidi 15, kosa kubwa hata moja limekuangusha. Na ukifaulu 3a, usilale, 3b ifanywe ndani ya miezi sita.

Siri moja ambayo shule nyingi za udereva zitakwambia zenyewe: unaweza kufanya mtihani kwa lori kubwa la daraja C moja kwa moja, na ukifaulu C1 inakuja ndani yake. Wengine wanaona ni bora kulipia mara moja. Na kama leseni yako ya gari ni ya gia za mkono, kufanya mtihani wa lori kwa gia za otomatiki hakukufungii malori ya gia za mkono. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mwenye woga wa gia.

Leseni ya lori si ya kuisahau. Inahuishwa kila miaka mitano, kuanzia miaka 45 unapimwa afya kila unapohuisha, na ukifika 65 ni kila mwaka.

7.

Umefaulu, hongera, vigelegele. Sasa mtoto ndani ya lori.

Mtoto ambaye hajafika miaka 12 wala sentimita 135 anakaa kwenye kiti chake cha mtoto, lori au si lori. Chini ya miaka 14, mkanda wake ni jukumu la dereva, yaani wewe. Kabla ya kununua lori, kabla hata hujaangalia rangi, hesabu viti vyenye mikanda na ujaribu kiti cha mwanao pale kinakaa vipi. Kuna malori yana chumba kizuri cha kupumzika nyuma ya dereva, masofa na mapazia, na watoto wanapenda kulala humo safari nzima. Hapana. Pahali pasipo mkanda wa kiti hapana mtoto gari likitembea. Na kule kwa farasi, hata dakika tano za "nimtulize tu mama, anaogopa," hapana.

Lori likikwama kwenye barabara kuu, farasi hashushwi, hata akipiga mateke. Ninyi watu ndio mnaotoka, mnakaa nyuma ya uzio, mnapiga simu. Farasi aliyeachiliwa katikati ya magari anaua watu.

Jua urefu wa lori lako kwenda juu. Likizidi mita 3, sheria inataka urefu uandikwe ndani mbele ya dereva. Madaraja ya reli ya vijijini ni ya chini, na ramani ya kwenye simu inadhani uko na gari dogo.

Na neno kwa tunaofanya zamu. Ukitoka kazini saa mbili asubuhi baada ya zamu ya usiku, huendi mashindanoni na lori. Mtu wa kulala macho wazi hajijui kwamba amelala. Kama hakuna dereva mwingine, mashindano yatakuja mengine. Mtoto atanuna, wacha anune.

Jambo la mwisho hapa: haya yote nayasema kwa anayebeba farasi wa familia bila malipo. Siku ukianza kulipwa, kubebea watu farasi zao au kuajiriwa kazi hiyo, unaingia sheria za biashara, cheti cha dereva wa kazi, leseni ya mwendeshaji, kifaa cha kurekodi saa. Uliza kabla hujapokea hata paundi moja ya "mafuta tu dada."

8.

Najua yatakayosemwa, nimeshayasikia.

"Ni ghali." Ni kweli. Daktari, nadharia, siku kadhaa za mafunzo, mitihani, si pesa ya kuokota. Lakini angalia inapokwenda. Lori linachakaa, sakafu inaoza, kutu inakula. Leseni inakaa kwako. Na lori si lazima ununue, mama wawili watatu wenye watoto banda moja mnaweza kukodi la tani 7.5 kwa siku mkagawana, ilimradi mmoja wenu ana C1 na bima inamtambua kwa jina. Anzeni kamchezo, kila mwezi mnaweka kidogo, zamu ya kwanza inamsomesha dereva.

"Lori ni la wanaume." Jamani. Nenda kwenye uwanja wowote wa mashindano ya poni uangalie nani anashuka kwenye viti vya dereva. Akina mama, wengine na mabuti yenye tope hadi magotini. Mwanamke anayemgeuza mgonjwa wa kilo 110 kitandani bila kumuumiza, kioo cha pembeni hakimshindi.

"Sisi hayo si ya kwetu." Hili ndilo linaniuma. Mwanao hajui kwamba si ya kwake. Anajua tu kwamba rafiki zake wanakwenda na yeye anaomba lifti kila mara, akipata anakwenda, akikosa anabaki. Siku mama yake anapopanda pale juu na kuwasha injini, kuna kitu anajifunza ambacho hakuna hotuba ya mezani itamfundisha.

9.

Na wewe usiye na farasi, hiki ndicho kipande chako. Kilo 3,500 ndio mstari huohuo unaokutana nao magari mengi ya wagonjwa. Ambulansi nyingi za dharura zinauvuka, kwa hiyo anayetaka kuziendesha anatakiwa awe na C1, leseni ileile ya lori la farasi. Kijana wako anayetaka kuwa paramediki, au wewe mwenyewe uliyechoka na kazi ya huduma za nyumbani unatafuta njia ya kupanda, hicho ni kikwazo cha kwanza, na wengi wanakigundua wakati tayari wameomba kazi. Anayeipata mapema anaingia kwenye foleni akiwa mbele.

Kwa hiyo familia moja inaweza kuichukua leseni hii kwa ajili ya poni anayeitwa jina la biskuti, na miaka mitano baadaye ikawa ndiyo inayolipa nyumba. Sisemi itakuwa hivyo kwa kila mtu. Nasema mlango ni mmoja.

10.

Ya kufanya wiki hii, kwa ufupi. Soma nyuma ya leseni yako, uone madaraja yaliyoandikwa. Soma kibao cha lori unaloombwa kuendesha, kabla hujashika ufunguo. Likiwa la tani 3.5, lipeleke kwenye mizani likiwa limejaa. Pima presha na macho. Agiza fomu D2 na D4 kutoka DVLA. Ukiwa Ireland ya Kaskazini ofisi ni nyingine, ni DVA, uliza kwao.

Na mpaka leseni ifike, ukiombwa "endesha tu leo, ni karibu," jibu lako ni fupi: sina leseni hiyo, bado. Wala usione haya kulisema.

Mtumie posti hii mama yeyote ambaye mwanae amenunua helmeti. Wiki ijayo tunarudi wodini: chanjo za mwaka wa kwanza, na bibi anayesema "sisi hatukuchanjwa mbona tuko." Tutaongea naye kwa adabu.